Spika za Ndugu

Tarehe 4 Februari

Shemeji yangu, Bwana Masikio,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Aliyekufa tulishamzika, na wewe ulikuja, ukasimama nyuma ya watu wote, ukaondoka kabla sijapata nafasi ya kukushika mkono. Nilikuona. Sikukuita kwa sababu siku ile sauti yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Tangu kaka yako afariki, kiwanda nakiendesha mimi. Wapo waliodhani mjane atafunga mlango na kuuza mashine kwa bei ya chuma chakavu. Wengine walikuja kutoa pole huku macho yao yakipima ukuta. Sikufunga. Wanawake wa meza ya koili bado wanazungusha waya wa shaba, rojo la karatasi bado linachemka kule uani, na kila spika naisikiliza mwenyewe kabla haijaingia kwenye boksi. Wafanyakazi bado wananiita Mama Kelele wakidhani sijui. Jina hilo ulinipa wewe, na Mungu anakuona.

Juzi mama yenu alinisimulia tena mlivyoanza: wavulana wawili jikoni kwake, mnachemsha mifuko ya saruji kwenye sufuria yake nzuri ili mpate koni, ile karatasi ya mdomo wa spika, na sumaku mmeng'oa kwenye dainamo za baiskeli za watu. Anasema spika ya kwanza ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Alicheka mpaka akapaliwa.

Ndipo likanijia swali. Ule muhuri wa chuma mliokuwa mkipigia vibao vya kwanza, vile vya mviringo vyenye masikio mawili na neno NDUGU, bado unao? Ulipotuacha kwenda kutengeneza maikrofoni zako peke yako, uliondoka nao, na tangu hapo sisi tunatumia kibao cha mraba. Ningependa kuuona tu, uwe kumbukumbu ya kiwanda.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja. Najua wino kwako ni dhahabu.

Shemeji yako,
Mama Kelele


Tarehe 19 Februari

Shemeji,

Barua imefika. Umeandika kwa utani, nami wiki hii utani sina.

Hapa sokoni kwetu kuna duka limepanga spika hadi darini. Zote zina kibao cha mviringo, masikio mawili, NDUGU. Nilinunua moja, nikaifungua mezani. Koni ni karatasi nyepesi ya kufungia sabuni. Sumaku ni ndogo kama kifungo cha koti. Gundi ya koili inalainika spika ikipata joto kidogo tu. Nilipitisha sauti ya mtu anayesoma habari, na herufi zote zikalowa kama mkate kwenye chai. Huwezi kujua kama anasema "moto" au "mtoto".

Unajua kwa nini niliondoka. Kaka aliamua spika zetu zote ziuzwe na rafiki yake Wakala, na mimi nikasema mbele ya wote kwamba mtu yule hapendi spika, anapenda maboksi. Kaka akaniambia kama sitaki, mlango ule pale. Nikautumia. Lakini hata siku ile, pamoja na hasira zangu, sikufikiri nitakuja kuona takataka ikitembea na jina letu.

Sasa unaniuliza muhuri wa mviringo uko wapi, wakati vibao vya mviringo vimejaa mtaani kwangu. Shemeji, kama hali imekuwa ngumu, sema imekuwa ngumu. Usiuze maji kwa jina la maziwa.

Msalimie Mama.

Mimi,
Masikio


Tarehe 2 Machi

Shemeji,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana ningekaa ningeichana.

Nilitaka kwenda polepole. Umenikatisha njia, basi sikiliza yote. Mwezi wa kwanza pale stesheni kuu treni ilibadilishwa jukwaa dakika za mwisho. Mtangazaji akatangaza. Spika mpya za jukwaani zilikuwa zimewekwa karibuni, na kilichosikika ni "jukwaa la ta—" na mkwaruzo. Watu hawakujua ni la tatu au la tano. Wakakimbia huku na huku, wengine wakakatiza relini. Mama mmoja, mshonaji, alisukumwa akaanguka kutoka ukingoni, akavunjika nyonga.

Spika zile zina jina letu. Mkuu wa stesheni aliniita ofisini, akanionyesha kibao, akaniambia hataki kuniona tena pale. Miaka yote stesheni zimekuwa zikinunua kwetu, na wewe unajua bila stesheni kiwanda hiki ni banda tu. Nilimwambia hizi si zetu. Akaniuliza, kwani hujui kusoma?

Nilikwenda hospitali kumwona yule mshonaji. Hakunitukana. Aliniambia alisikia "ta" tu, na akasubiri neno lililobaki, na halikuja. Shemeji, maneno hayo yamekataa kunitoka.

Kwa hiyo sasa nakuuliza kile nilichotaka kukuuliza mwanzoni, bila kukupaka mafuta. Muhuri wa mviringo ulikuwa mmoja, nao ulitoka humu ukiwa mikononi mwako. Ni wewe?

Kama ni wewe, niambie kwa maandishi yako mwenyewe. Kama si wewe, nithibitishie. Spika hizi nitazing'oa moja moja hata kama ni kwa meno, na nataka kujua nitakutana na nani huko mbele.

Mama Kelele


Tarehe 15 Machi

Shemeji,

Pamoja na barua hii utapata kifurushi kizito. Kifungue taratibu, kilichomo kina kutu.

Ndio muhuri wetu, vipande viwili. Niliupasua kwa nyundo wiki ile ile niliyofika huku, kwa sababu kila nilipouona nilimsikia Kaka. Fundi wa chuma yeyote atakuambia ufa ule ni wa zamani. Kwa hiyo si mimi. Nami nimekuelewa: si wewe. Nilikuhukumu kwa sumaku ya mtu mwingine. Tuendelee.

Weka kibao cha zamani kando ya kile cha stesheni, uangalie sikio la kulia. Kwenye muhuri wetu limepinda, kwa sababu tupa iliniteleza nikiwa nachonga, na Kaka alinicheka mwaka mzima. Kwenye hivi vipya sikio limenyooka. Mtu amechongesha muhuri mwingine, tena akarekebisha kosa langu.

Hilo limeninyima raha. Mwizi huiga hata kilema, maana anataka asijulikane. Anayerekebisha ni yule anayejiona mwenye mali.

Nenda kwa Wakala. Muulize ana kwa ana, na umtazame mikono, si uso. Uso wake aliusomesha zamani.

Masikio


Tarehe 1 Aprili

Shemeji,

Nilikwenda. Ingekuwa heri angenifukuza.

Alinipokea kama mgeni wa heshima. Akanitolea kiti, akaagiza soda, akaniuliza hali ya mama yenu. Nilimwekea kibao mezani nikamuuliza kimetoka wapi. Hakukana, hakutetemeka mikono wala nini. Akasema, "Shemeji, hilo jina ni langu. Mume wako aliniachia."

Nitakueleza kama alivyonieleza. Mwaka ule kaka yako alipoanza kuugua, waya wa shaba uliadimika nchi nzima, na sumaku hazikuwa zikiingia. Viwanda vingine vilifunga. Cha kwetu hakikufunga. Nakumbuka lori lilivyoingia uani, marobota ya waya na makasha ya sumaku, na kaka yako amesimama dirishani anasema Mungu hamtupi mja wake. Kumbe Mungu siku hiyo alitumwa na Wakala. Walibadilishana: huyu akatoa shaba na sumaku, yule akatoa jina, maandishi na alama zote mbili, ya mviringo na ya mraba. Kaka yako aliomba jambo moja tu, kwamba lisitumike yeye akiwa hai.

Akanionyesha mkataba wenye saini ya kaka yako. Nikamwita mwanasheria, akasoma, akavua miwani. Mkataba ni halali. Kwa sheria, sisi ndio tunaotumia jina la mtu.

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nagombana na marehemu, na watu wakinipisha. Kulala kitanda kimoja na mimi, kuniacha nimpake dawa mgongoni, na hilo amelifungia moyoni! Nilipofika getini wanawake wa koili walikuwa wanatoka, wanacheka jambo lao. Nikakumbuka kwamba mwaka ule hakuna hata mmoja wao aliyerudishwa nyumbani. Hasira haikuisha, ila ilikosa mahali pa kukaa.

Nilimwambia mama yenu, nikiogopa itamuua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi niliwapa majina walipozaliwa. Hilo la bati hawakuniuliza." Kisha akaongeza sauti ya redio.

Wakala ameniambia naweza kuendelea kumtengenezea koni, kwa jina lake. Na wakati nainuka akasema, kwa upole kabisa, kwamba hata shemeji yangu wa maikrofoni atakuwa upande wake karibuni.

Nijibu hilo.

Mama Kelele


Tarehe 10 Aprili

Shemeji,

Ni kweli alinijia, kabla ya barua yako ya kwanza. Alitaka nimtengenezee maikrofoni zenye jina la NDUGU. Alisema jina analo, na mimi nilidhani anasema kwa niaba yako. Sikumjibu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Utauliza kwa nini sikukataa hapo hapo. Maikrofoni zangu zote, miaka yote hii, hazina jina la nyumbani. Mtu akinipa nafasi ya kuona neno lile, walau mara moja, juu ya kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu, nitafikiri kidogo. Mimi si chuma.

Jana nilimjibu. Nimemwambia hapana, na nimemwambia sababu, na sababu haikuwa ya adabu.

Kuhusu Kaka sijui niseme nini. Nilikaa na hasira yangu miaka yote hii nikiamini ni mtu wa kuburuza wenzake tu. Leo nasikia aliuza kitu alichokipenda kuliko vyote, akanyamaza, ili watu wale chakula. Na alikiuza kwa mtu yule yule tuliyegombana kwa ajili yake. Siwezi kumsifu, siwezi kumlaani. Angekuwa hai ningekuja tugombane vizuri.

Ushauri wangu: tafuta mwanasheria mwingine, tupigane mahakamani. Jina lilikuwa letu sisi wawili, yeye peke yake hakuwa na haki ya kulitoa. Nitakuja kutoa ushahidi.

Masikio


Tarehe 25 Aprili

Shemeji,

Asante. Mahakamani siendi.

Nimelifikiria. Kesi itatafuna miaka, na katika miaka hiyo yeye anauza, sisi tunasubiri kuitwa. Tukishinda, tutarudishiwa jina ambalo watu watakuwa wameshalizoea kwa mkwaruzo. Tupiganie kovu? Jina lile kaka yako alilitoa kuokoa kiwanda. Kiwanda ninacho. Nitakitumia.

Jumatatu niliwakusanya wote uani. Nikawaeleza mambo yalivyo, sikuficha kitu. Nikasema anayetaka kwenda kwa Wakala aende na baraka zangu. Aliondoka mpiga rangi peke yake, naye kesho yake alirudi, akasema huko hakuna kazi ya rangi, ni kufunga vibao kwa skrubu tu. Kisha nikachukua ngazi. Msimamizi wa koili alitaka kunipandia, nikamwambia mume alikuwa wangu na ngazi ni yangu. Nikapanda, nikafungua skrubu za ubao wa NDUGU, nikaushusha. Ni mzito kuliko unavyoonekana. Mama yenu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, akasema sasa ukuta unahitaji chokaa.

Halafu nikaenda stesheni. Mkuu wa stesheni aliponiona akaanza kuinuka, nikakaa kabla hajanifukuza. Nikamwambia nitafunga spika zangu jukwaa zima, bure, msimu wote wa mvua. Abiria mmoja akisikia vibaya, yeye mkuu azitupe relini na mimi nitaziokota. Alinitazama. Akasema hata spika nzuri haitamsaidia, kwani maikrofoni ya mtangazaji wake inanguruma kama tumbo la njaa.

Nikamwambia mtu wa maikrofoni ninaye.

Usinitie aibu. Spika haiwezi kusema neno ambalo halikuingia. Nimechoka kutengeneza midomo isiyo na masikio. Njoo.

Mama Kelele


Tarehe 3 Mei

Shemeji,

Ninakuja Ijumaa na treni ya mchana. Ninaleta maikrofoni tatu, na moja ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, kwa hiyo nitaibeba mapajani na atakayenisukuma atajuta.

Mwambie Mama nitalala pale pale jikoni.

Masikio


Tarehe 29 Mei

Shemeji,

Nimefika nyumbani salama. Nilitaka kukusimulia pale pale, lakini treni ilinibeba na wewe ulikuwa juu ya ngazi ukimgombeza fundi wa waya.

Hukuyaona haya. Nilikuwa nimekaa dirishani, behewa la mwisho kabisa, mwisho wa jukwaa, mvua inapiga bati kama imekodishwa. Nilijua hapo ndipo sauti hufa. Kwenye benchi la karibu alikaa mama mmoja na fimbo na mzigo wa vitambaa. Sikumjua. Mtangazaji akafungua ile maikrofoni yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, shemeji, ile pumzi ndogo ya kabla ya neno, na mvua yote ile. Akasema treni ya mashariki imehamishiwa jukwaa la tatu.

Hakuna aliyekimbia. Watu walikunja magazeti yao, wakainuka, wakaenda. Yule mama hakuinuka mara moja. Aliinua mkono, akatoa vidole vitatu, akavitazama, kama mtu anayehakikisha. Kisha akaegemea fimbo, akaenda jukwaa la tatu polepole, na watu wakampisha. Ndipo nikaelewa ni nani.

Nilitamani Kaka angekuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Tungegombea kama sifa ni ya spika au ya maikrofoni mpaka treni iondoke.

Nimeongea na mke wangu. Karakana yangu ya huku tutaifunga mwisho wa mwaka, na tunahamia huko. Nitahitaji meza yangu mwenyewe, mbali na masufuria yako, na chumba kisichopitisha kelele. Hilo la mwisho najua ni gumu palipo wewe.

Halafu kuna jambo moja limebaki. Spika zile zina uso mtupu. Hatujaziandika kitu. Tufikirie jina.

Masikio


Tarehe 20 Agosti

Shemeji,

Jina usilifikirie. Limeshakuja, na hatukuulizwa.

Wapagazi wa stesheni ndio walioanza. Walipoona spika haina kibao, uso laini, wavu mtupu, wakaiita Kipara. "Sikiliza Kipara anasema nini." Ikaingia kwa abiria, ikatoka nao kwenye mabehewa. Wiki jana alikuja mwalimu mkuu kutoka mji ambao sijawahi kufika, akavua kofia kwa heshima mlangoni, akasema anaomba vipara kwa ajili ya shule yake. Na yeye mwenyewe hana unywele hata mmoja. Wanawake wa koili walijificha chini ya meza. Mimi nilisimama na uso mkavu mpaka akaondoka, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Mkuu wa stesheni ametia saini, stesheni zote za njia ya mashariki. Tumeweka meza ya pili ya koili. Meza yako pia ipo, iko mbali na masufuria. Chumba cha kimya tumejenga, na mama yenu ameshakaa humo na redio yake, utamtoa wewe.

Sasa sikiliza hili. Juzi nilipita nyuma ya ghala la Wakala, nikielekea kwa muuza mbao. Mlango ulikuwa wazi. Ndani vijana wake wamekaa sakafuni, kila mmoja ana bisibisi, na mbele yao rundo la spika zenye kibao cha mviringo. Wanang'oa vibao vya NDUGU. Wanavitupa kwenye ndoo, na spika wanazirudisha kwenye boksi uso mtupu, ziitwe Kipara.

Nilisimama pale nikacheka. Nilicheka mpaka mmoja wao akaniletea maji, na nilipoyapokea ndipo nikajua kwamba nalia, na kwamba tangu tumzike kaka yako sikuwa nimelia vizuri. Jina aliliuza kwa shaba, na aliyelinunua analing'oa kwa bisibisi. Niliwarudishia bilauri, nikawashukuru, nikaenda kununua mbao zangu.

Jioni nikamsimulia mama yenu, nikimuuliza tufanye nini, maana kesho soko litajaa vipara vya uongo. Alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo unajua halifanyi hovyo.

Akauliza, "Na yale matundu ya skrubu za vibao watayaziba na nini?"

Shemeji yako,
Mama Kelele